Susanna Wesley, mama aliyegawa jioni zake

Somo la kusoma nyumbani: 2 Timotheo 1:3-7



Katika makanisa yetu jina la John Wesley hutajwa mara nyingi, hasa na wachungaji waliopita shule ya Biblia. Tunaambiwa alikuwa mtu wa uamsho, aliyepanda farasi miaka mingi akihubiri sokoni, mashambani na kwa wachimbaji wa makaa. Ndugu yake Charles anatajwa kwa nyimbo zake, na nyingine tunaziimba bila kujua ni nani aliyezitunga. Kisha mhubiri huongeza sentensi moja: walikuwa na mama mwombaji. Wamama husema Amina, na mahubiri yanaendelea.

Juma hili tunataka kusimama kwenye ile sentensi moja. Tukiiacha fupi hivyo, mama anayetusikiliza huku akimenya mihogo anaweza kufikiri kwamba Susanna Wesley alikuwa na nyumba tulivu, mume mwenye mshahara wa kutosha, na nafasi ya kupiga magoti mchana kutwa. Angejilinganisha naye na kukata tamaa. Basi tuseme mambo yalivyokuwa.

Susanna alizaliwa London mwaka 1669, mtoto wa mwisho kati ya watoto 25 wa mchungaji Samuel Annesley. Baba huyo alikuwa ameondolewa katika parokia yake mwaka 1662 kwa sababu alikataa kukubali taratibu ambazo serikali iliwalazimisha wachungaji wote. Kwa hiyo binti alikulia katika nyumba ya watu waliojua maana ya kulipia imani yao. Na bado, akiwa wa miaka karibu 13, aliyapima mambo mwenyewe, akaamua kurudi katika lile Kanisa la Anglikana lililomtoa baba yake. Baba hakumfukuza. Tunalitaja hili kwa sababu wako wanaodhani Susanna alikuwa mwanamke wa kuinamisha kichwa tu. Tangu utoto alikuwa na kichwa chake.

Mwaka 1688, akiwa wa miaka 19, aliolewa na Samuel Wesley, kijana mchungaji, msomi, mtunga mashairi, mtu mwaminifu mbele za Mungu ambaye maisha yake yote hakujua kuhesabu pesa. Walizaa watoto 19. Tisa walikufa wangali wachanga. Tusipite haraka juu ya hesabu hiyo. Mwanamke alisimama karibu na kaburi dogo mara tisa, na kila mara alirudi nyumbani kwa wengine waliokuwa wakingoja kula.

Karibu mwaka 1697 walihamia Epworth, mji mdogo wa mashariki ya Uingereza, katika bonde lililokuwa zamani kinamasi. Wageni kutoka Uholanzi walikuwa wamelikausha karibu miaka sabini kabla, kwa amri ya mfalme, na wenyeji walioishi kwa samaki, ndege na malisho ya kinamasi walipoteza chakula chao. Watu wa pale walibaki na uchungu dhidi ya kila aliyetumwa kutoka juu. Samuel Wesley alitumwa kutoka juu. Tena alikuwa na ulimi mkali, alipenda siasa, na alikopa pesa ili aanze kulima na kufuga, kazi ambazo hakuzijua.

Ugomvi wao wa kwanza uliojulikana ulikuwa wa neno moja. Mwanzoni mwa mwaka 1702, Samuel aliona kwamba mke wake haitikii Amina anapomwombea mfalme William. Susanna aliamini kwamba mfalme wa haki alikuwa James, aliyeondolewa kwenye kiti mwaka 1688. Alinyamaza kwa miezi, hakubishana na mtu, ila hakutaka kusema Amina ya uongo mbele za Mungu. Samuel alipomuuliza, alijibu wazi. Mume akasema kwamba nyumba yenye wafalme wawili lazima iwe na vitanda viwili, akafunga safari kwenda London, akamwacha na watoto.

Sisi tuliopita chaguzi za mwaka 2006, 2011, 2018 na 2023 hatuwezi kuwacheka sana. Tumeona familia za wokovu ambazo mezani watu hawakusalimiana kwa ajili ya karatasi ya kura. Ya Epworth iliisha hivi: mfalme William akafa mwezi wa tatu, akaingia malkia Anne ambaye wote wawili walimkubali, na kabla mwaka haujaisha moto ukaunguza sehemu ya nyumba yao. Samuel alirudi kwa mke wake. Mtoto aliyezaliwa baada ya mapatano hayo, mwezi wa sita mwaka 1703, ndiye John.

Msimu mgumu kuliko yote ulikuwa mwaka 1705, nao pia ulianza na uchaguzi. Samuel aliwapinga wagombea ambao watu wa bonde lake waliwapenda. Usiku mmoja kundi la watu lilikuja chini ya dirisha la Susanna na ngoma, kelele na risasi za hewani. Alikuwa amejifungua majuma matatu tu. Mtoto alikuwa amepelekwa kwa mwanamke mlezi wa nyumba ya jirani, naye kwa kukosa usingizi kwa ajili ya kelele zile, hatimaye akalala usingizi mzito na kumlalia mtoto. Asubuhi walimletea mama maiti ya mtoto wake.

Baada ya majuma machache, rafiki wa mmoja wa wagombea aliowapinga alimdai Samuel deni la chini ya pauni 30, akaitaka lote mara moja. Samuel hakuwa nazo. Wakamkamata mlangoni pa kanisa, wakamtia katika gereza la Lincoln. Na wakati baba yuko ndani, maadui waliingia usiku wakawachoma visu ng'ombe wake watatu, wale waliokuwa wakiwapa watoto maziwa.

Susanna alifanya nini? Alimtumia mume wake pete zake, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kuuza. Samuel akazirudisha. Huyu mwanaume aliyewaingiza wote katika deni, alikataa kula pete za mke wake. Akakaa gerezani miezi kadhaa akiwasomea wafungwa wenzake sala na kuwahubiri, mpaka marafiki wakachanga. Tumemlaumu hapo juu, na tutamlaumu tena, lakini hilo tumwandikie.

Askofu mkuu wa York, ambaye alikuwa mmoja wa waliosaidia, alimwendea Susanna na kumuuliza swali ambalo viongozi wa kanisa hawaulizi mara nyingi: je, aliwahi kukosa mkate kabisa? Jibu lake limehifadhiwa. Alikiri kwamba, kwa kusema kweli kabisa, hakuwahi kukosa mkate. Lakini taabu ya kuupata kabla haujaliwa, na ya kuulipa ukiisha kuliwa, ilikuwa kubwa hata mara nyingi ukawa mchungu mdomoni. Na kuwa na mkate kwa masharti hayo, alisema, kuko hatua moja tu kutoka kutokuwa nao. Askofu alimsifu kwa jibu hilo, na kesho yake akampa zawadi nzuri ya pesa.

Mama anayechukua mfuko wa unga kwa deni sokoni, akauza kwa vikombe, akamlipa mwenye unga jioni na kubaki na franka za mboga peke yake, hahitaji kufafanuliwa jibu lile. Tunapenda kwamba Susanna hakusema "Mungu ni mwema" ili kumfurahisha askofu. Mungu ni mwema, naye alijua hivyo kuliko sisi. Lakini aliulizwa habari za mkate, akajibu habari za mkate.

Tufike kwenye moto mkubwa. Usiku wa tarehe 9 mwezi wa pili mwaka 1709, paa la nyumba liliwaka watu wamelala. Susanna alikuwa na mimba ya mtoto wa mwisho, karibu kujifungua. Wengine walitokea dirishani na kwenye mlango wa bustani. Yeye hakuweza kupanda. Alijaribu mara kadhaa mlango wa mbele, moto ukamrudisha, mwishowe akapita katikati ya miali, akatoka na mikono na uso vimeungua. Walipowahesabu watoto, walimkosa John, aliyekuwa wa miaka mitano na nusu. Baba alijaribu ngazi, zilikuwa zinawaka. Alipiga magoti akaikabidhi roho ya mtoto wake kwa Mungu. Lakini mtoto alikuwa ameamka na kupanda juu ya sanduku karibu na dirisha. Hapakuwa na nafasi ya kwenda kutafuta ngazi ya nje. Mtu mmoja akasimama mabegani mwa mwingine, wakamvuta. Paa likaanguka muda mfupi tu baadaye. Samuel akawaita majirani wapige magoti pamoja naye, akashukuru kwamba watoto wote wanane wako hai, akasema nyumba iende, yeye ni tajiri vya kutosha. Katika maisha yake yote John alijiita kwa maneno ya Zekaria 3:2, na wasomaji wetu wanaweza kufungua hapo.

Hapa wahubiri wengi hufunga habari, na kwaya huimba. Sisi tunaona kwamba hapa ndipo kazi ya mama inapoanza.

Nyumba ilikuwa imeteketea, pamoja na vitabu, nguo na karatasi. Watoto waligawanywa, mmoja kwa jirani huyu, mwingine kwa ndugu yule, na wengine walikaa huko miezi mingi huku nyumba mpya ikijengwa kwa matofali. Susanna aliandika baadaye kwamba kutawanyika huko kuliharibu zaidi ya moto. Waliporudi walikuwa wamejifunza maneno mabaya na nyimbo mbaya, kuongea ovyo, na kucheza siku ya Mungu kama siku nyingine. Waliopita Goma baada ya lava ya Nyiragongo mwaka 2002, na tena mwaka 2021, na wote waliotawanya watoto wao kwa ndugu wakati wa vita, wanajua anachokisema. Mtoto anarudi mzima, unamshukuru Mungu, kisha unagundua kwamba aliyerudi si yule uliyempeleka.

Alianza upya. Shule ilikuwa nyumbani, saa sita kwa siku, yeye mwenyewe ndiye mwalimu. Mtoto alianza alfabeti akitimiza miaka mitano, naye alipewa siku moja kuimaliza. Kisha akafungua Mwanzo sura ya kwanza na kuanza kusoma. Baada ya moto aliongeza kuimba Zaburi asubuhi na jioni, na jioni mkubwa alimchukua mdogo kabisa awezaye kusema, wa pili akamchukua anayefuata, wakasomeana Zaburi na sura ya Biblia.

Mwaka 1732 John alimwomba aandike jinsi alivyowalea, naye akaandika barua ndefu. Iko sheria ndani yake ambayo leo tungeibandika mlangoni: binti asifundishwe kazi ya kushona kabla hajajua kusoma vizuri. Hayo ni ya mwaka 1732. Sisi bado tuna wazazi wanaosema minerval ya kaka ilipwe kwanza. Sheria nyingine: mtoto akikiri kosa mwenyewe asipigwe; asiadhibiwe mara mbili kwa kosa moja; ahadi aliyopewa mtoto itimizwe. Ziko na nyingine ambazo hatuzifuati. Aliamini nia ya mtoto ivunjwe mapema, na mtoto wa mwaka mmoja alifundishwa kuogopa fimbo na kulia polepole. Wako wanaolitumia jina lake ili kupiga watoto wao. Tunawaambia kwamba kitu ambacho watoto wake walikikumbuka na kukitamani hakikuwa fimbo.

Kilikuwa jioni. Mwishoni mwa mwaka 1711 Samuel alikwenda London kwa mkutano wa wachungaji, akakaa huko miezi mingi. Katika siku hizo binti mkubwa, Emilia, alipata kitabu cha wamisionari wawili waliotumwa na mfalme wa Denmark kwenda Tranquebar, huko India, akamsomea mama yake. Susanna aliguswa sana kwa siku nyingi. Alijiambia kwamba yeye si mwanaume wala si mhubiri, hawezi kwenda India, lakini anaweza kufanya zaidi ya anavyofanya. Basi akaanza na watoto wake. Kila jioni alikaa na mtoto mmoja peke yake na kuongea naye juu ya roho yake: siku ya kwanza na Molly, siku ya pili na Hetty, siku ya tatu na Nancy, siku ya nne na John, siku ya tano na Patty, siku ya posho na Charles, na siku ya Mungu na Emilia na Sukey.

Katika nyumba yenye deni, mama huyu hakuwa na kitu cha kugawa isipokuwa muda, na muda nao ulikuwa haba. Inasimuliwa kwamba alipotaka kuomba alijifunika kichwa kwa nguo yake ya jikoni, na watoto wakajua wasimsumbue. Hadithi hiyo tunaipenda, ingawa hatuitegemei. Ya jioni zile tunaitegemea, kwa sababu aliiandika mwenyewe. Na miaka mingi baadaye John, akiwa mwalimu wa chuo kikuu cha Oxford, mtu mzima, alimwandikia mama yake akimwomba ampe tena sehemu ile ndogo ya jioni ya siku ya nne, kwa njia ya barua.

Majira hayohayo, siku ya Mungu jioni, alianza kuwasomea watoto na watumishi wa nyumbani mahubiri na sala jikoni. Watoto wakaeleza nje. Wazazi wao wakaomba kuja, na wengine wakafuata. Walifika 30, wakazidi, na mwanzoni mwa mwaka 1712 walikuwa karibu 200, wengine wakarudi kwa kukosa mahali pa kusimama. Mchungaji msaidizi, ambaye ibada yake ilikuwa na watu wachache kuliko jiko lile, aliandika malalamiko London. Samuel alimwandikia mke wake kwamba jambo hilo linaonekana vibaya, tena yeye ni mwanamke. Ni afadhali mwanaume asome.

Susanna alijibu kwa heshima na kwa hoja. Hakuna hata mmoja wa wale wanaume wa Epworth aliyeweza kusoma hotuba nzima bila kuiharibu. Watu ambao hawakuwahi kuingia kanisani sasa wanakuja. Akamwambia mume wake: kama unaona ni lazima mkutano huu uvunjwe, usiniambie kwamba unatamani hivyo, kwa sababu hilo halitatosha dhamiri yangu, niamuru waziwazi, ili mimi na wewe tutakaposimama mbele ya kiti cha hukumu, nisidaiwe nafasi hii ya kufanya mema. Samuel hakuamuru. Jiko likaendelea mpaka aliporudi.

Sasa tufike mahali ambapo wengi hawapendi kufika.

Hetty, mwenye zamu ya siku ya pili jioni, alikuwa na akili kuliko ndugu zake wote, wengine wanasema kuliko John. Inasemekana akiwa wa miaka minane alisoma Agano Jipya kwa Kigiriki. Mwaka 1725 alitoka nyumbani na mwanaume aliyemwahidi ndoa na asitimize. Alirudi na mimba. Baba yake alimwoza haraka kwa fundi wa mabomba, mtu aliyependa pombe na asiyeweza kuongea naye juu ya kitu chochote alichokipenda. Mtoto akazaliwa, akafa. Hetty aliandika barua akiomba msamaha. Samuel hakumsamehe mpaka anakufa. John alipopanda kwenye mimbari ya baba yake mwaka 1726 na kuhubiri juu ya upendo kwa wakosaji, baba alikasirika kwa sababu alijua ni nani anayesemwa.

Na mama je? Tungependa kuandika kwamba alikimbia njiani kama baba wa Luka 15. Hatuwezi. Mwanamke aliyesimama mbele ya mume wake kwa ajili ya mfalme, na tena kwa ajili ya jiko lake, hakusimama hivyo kwa ajili ya Hetty. Katika majira hayo alibaki baridi kwa binti huyo. Pengine alikuwa amechoka. Pengine sheria zake zilimbana yeye mwenyewe. Katika makanisa yetu wako mabinti wanaokaa viti vya nyuma, wamewekwa chini ya nidhamu kwa ajili ya mimba, na mama zao wako mbele katika kwaya, macho yao hayageuki. Wote wawili wanalia usiku, kila mmoja katika chumba chake. Tunawaandikia na hao.

Samuel alikufa mwezi wa nne mwaka 1735. Siku ya mazishi, mwenye shamba walilokodi alikamata mifugo yote kwa deni la pauni 15. Mjane aliondoka Epworth baada ya miaka karibu 40 bila nyumba. Mwaka huohuo John na Charles walialikwa kwenda Georgia, Marekani, kwa kazi ya umisionari, na John hakutaka kumwacha mama katika hali hiyo. Alimuuliza. Susanna akajibu kwamba kama angekuwa na wana ishirini angefurahi wote watumiwe hivyo, hata kama hangewaona tena. Akaishi kwa zamu katika nyumba za watoto wake, kwanza kwa Emilia, baadaye kwa wengine, mpaka John alipomchukua London, katika kiwanda cha zamani cha kutengenezea mizinga ambacho Wamethodisti walikuwa wamekigeuza nyumba ya ibada.

Mwaka 1739, akiwa wa miaka 70, aliposhiriki Meza ya Bwana, mkwe wake akimpa kikombe, maneno juu ya damu ya Yesu yalimchoma moyoni, akajua kwamba Mungu amemsamehe yeye, dhambi zake zote. Alimweleza John kwamba zamani hakuwa akisikia sana habari za mtu kuwa na uhakika huo sasa, katika maisha haya, wala hakuthubutu kuuomba kwa ajili yake mwenyewe. Wapendwa, mama huyu alikuwa amewafundisha wengine Neno miaka hamsini.

Bado alikuwa na kazi moja. John alikuwa amemwacha London kijana mmoja, Thomas Maxfield, awaombee na kuwashauri waumini. Kijana hakuwa amewekewa mikono, lakini akaanza kuhubiri. John aliposikia alirudi mbio kumzuia, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa bado mtu wa utaratibu. Mama alimkuta uso umekunjwa, akamwambia ajihadhari na atakalomfanyia kijana huyo, maana ameitwa na Mungu kuhubiri kama alivyoitwa yeye. Apime matunda, kisha amsikilize kwa masikio yake. John alisikiliza, akainama mbele ya kazi ya Bwana. Tangu hapo wahubiri wasio na vyeo walitumwa kila mahali. Katika mkondo wa Wamethodisti yalizaliwa makanisa ya utakatifu ya Marekani. Katika hayo akatoka William Seymour, wa uamsho wa mtaa wa Azusa huko Los Angeles mwaka 1906. Na mwaka 1915 wamisionari wa Kipentekoste William Burton na James Salter walifika Mwanza, Katanga. Wengi wa wanaotuhubiri vijijini leo ni watu wa jembe wiki nzima, na wahubiri siku ya Mungu. Katika historia yao yuko bibi mmoja aliyemwambia mwanawe apime matunda.

Susanna alikufa Ijumaa tarehe 23 mwezi wa saba mwaka 1742, akazikwa tarehe 1 mwezi wa nane katika makaburi ya Bunhill Fields, umati mkubwa ukisimama na John akihubiri kutoka Ufunuo 20. Juu ya jiwe la kaburi Charles aliweka beti alizotunga, akasema humo kwamba mama yake alikaa miaka 70 katika usiku wa sheria kabla Baba hajamfunulia Mwana wake. Tunamheshimu Charles. Lakini mtoto huyo alizaliwa kabla ya siku zake mwaka 1707, hakulia wala hakufungua macho, akafungwa katika sufu laini mpaka ulipofika wakati ambao angepaswa kuzaliwa, na wakati wote huo yuko aliyemlinda. Siku ya posho jioni ilikuwa yake. Sisi hatungeuita usiku.

Turudi kidogo nyuma, kwenye kitanda chake. Charles hakuwepo London siku ile. John alikuwepo, na wale mabinti watano waliokuwa wangali hai, Hetty akiwa mmoja wao. Kabla ulimi haujashindwa, mama aliwaomba jambo moja: atakapofunguliwa tu, waimbe Zaburi ya kumsifu Mungu. Saa ya alasiri alitazama juu mara moja, akatulia. Walisimama kuzunguka kitanda, wakaimba.